Laptopu ya bei nafuu ya kutumia Linux: ingia dukani na flashi yako

Kama uko Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, una laki tatu hadi laki sita mkononi na unatafuta laptopu ya kutumia Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta, unaotumika badala ya Windows), nimeandika haya kwa ajili yako. Nimewasindikiza ndugu, majirani na wanafunzi madukani mara nyingi, na jambo ninalolisisitiza kila safari ni hili: usiisikilize stika, usimsikilize muuzaji, isikilize mashine yenyewe. Ukiiwasha kwa Linux iliyo kwenye flashi yako, palepale mezani kabla hujatoa hela, itakueleza yote. Kazi hiyo haizidi dakika ishirini.

Kwa fedha hiyo achana na mpya. Laptopu mpya za bei ya chini mara nyingi huja na prosesa dhaifu ya Celeron, ramu ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ndogo ya eMMC ambayo nayo imechomelewa. Ikichoka, imechoka yote. Tafuta iliyotumika, lakini iwe ya daraja la ofisini: zile ambazo makampuni ya Ulaya na Marekani huwapa wafanyakazi wao, kisha huziuza kwa mafungu baada ya miaka michache. Zimetengenezwa zifunguliwe kwa bisibisi, vipuri vyake vinapatikana, na watengenezaji wa Linux wengi huzitumia wao wenyewe, kwa hiyo hitilafu zake zimeshafanyiwa kazi zamani.

Na wakati wenyewe ni mzuri. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nzima kabisa za kizazi cha 6 na 7 zimebaki bila njia rasmi ya kuhamia huko. Kwa mtu wa Linux hizo ni mali.

Hatua ya kwanza: andika kazi zako kwenye karatasi

Andika programu unazozihitaji, moja moja, kwa jina. AutoCAD haina toleo la Linux. Photoshop haina. Microsoft Office ya kusakinisha haina, ingawa ile ya kwenye kivinjari inafunguka. Kama unasoma uhandisi au usanifu majengo, muulize kwanza mwalimu wako ni programu gani hazikwepeki, maana si haki kununua mashine leo na kugundua wiki ya tatu ya muhula kwamba kazi ya darasani haifunguki.

Kwa wengi wetu orodha ni fupi: kuandika, hesabu za mauzo, intaneti, video, labda Python, R au ramani za QGIS. Hayo yote Linux inayafanya vizuri, na LibreOffice hufungua hati za Word na Excel bila tabu kubwa. Ukweli mmoja unaonipa faraja: mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Programu huria si jambo la kigeni kwetu. Tumekuwa nazo muda mrefu.

Hatua ya pili: andaa flashi

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, na uhamishe vilivyomo kwa sababu vyote vitafutwa. Ninapendekeza Linux Mint toleo la Xfce. Ni nyepesi, mtu aliyezoea Windows hapotei, na mfululizo wa 22 utahudumiwa hadi 2029. Faili lake ni kama GB 3, wakati Ubuntu ya kawaida inakaribia mara mbili ya hapo. Kwa anayenunua bando hilo si jambo dogo, kwa hiyo tumia waifai ya chuo au bando la usiku.

Ukimaliza kupakua, linganisha namba ya sha256 (alama ndefu inayoonyesha kama faili limefika kamili) ya faili lako na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililokatika njiani litakusumbua dukani na utaisingizia mashine. Kisha liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kunakili faili na kulibandika tu hakutoshi, mashine haitaliona. Kama huna kompyuta kabisa, nenda kwa rafiki au steshenari unayoifahamu. Hata simu ya Android inaweza, kwa programu ya EtchDroid na ule waya mdogo wa OTG. Ijaribu flashi kwenye kompyuta yoyote kabla ya siku ya kwenda dukani.

Hatua ya tatu: jua unachokitafuta

Jifunze kusoma jina la prosesa. Kwenye i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha 6. Kwenye i5-8250U ni kizazi cha 8. Herufi U maana yake inabana umeme. Hapa watu wengi huliwa hela: huona i7 wakadhani lazima inaishinda i5. i7-6600U ya kizazi cha 6 ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) viwili tu, sawa na i5-7300U ya kizazi cha 7. Ni kwenye kizazi cha 8 ndipo Intel walipoweka viini vinne kwenye prosesa hizi za U, kwa hiyo i5-8250U ni mashine nyingine kabisa ukifungua vitu vingi kwa pamoja. Ukiweza kufika kizazi cha 8, fika. Ukishindwa, cha 6 na cha 7 vitakutosha kwa kazi za kawaida kwa miaka kadhaa.

Majina ya kukariri ni haya: ThinkPad T470 na T480, HP EliteBook 840 kuanzia G3 hadi G5, Dell Latitude 5480 na 5490. Zote zina nafasi mbili za ramu, kwa hiyo unaweza kuanza na GB 8 na kuongeza baadaye hela ikipatikana. Chini ya GB 8 usishuke kwa kivinjari cha siku hizi. Mwenye laki tatu kamili aangalie EliteBook 840 G2 au ThinkPad T450 za kizazi cha 5. Hizi hutumia ramu ya DDR3L, si DDR4, hivyo usichanganye unapoongeza.

Angalia herufi, maana herufi moja inabadilisha mambo. T470s na T480s ni nyembamba na za kupendeza, lakini sehemu ya ramu imechomelewa na nafasi imebaki moja. X280 ramu yake yote imechomelewa: uliyoinunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Grafiki iwe ya Intel iliyo ndani ya prosesa. Kadi za zamani za NVIDIA hutegemea draiva (programu za kuendesha kifaa) ambazo kampuni yenyewe imeshaziacha, na kila keneli mpya, yaani sehemu ya ndani kabisa ya Linux, inaweza kuleta usumbufu. Kadi ya waifai iwe ya Intel, kwani hushika mtandao papo hapo. Za Broadcom mara nyingi hudai draiva ya kutafutwa pembeni. Ukijikuta nayo, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti. Linux huitambua simu bila draiva yoyote, nawe utapakua kilichokosekana. MacBook za Intel za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya T2 ziache, na Chromebook pia, mpaka uwe mzoefu wa kuhangaika na programu za ndani ya ubao.

Neno moja kuhusu umeme. T470 na T480 zina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na ile ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Kwa anayeishi mahali umeme unapokatika katikati ya kazi, au kijijini Rungwe anakochaji kwa sola mchana, hiyo ni sababu tosha ya kuzipendelea. Chaja zake za wati 45 au 65 ni mzigo mdogo hata kwa inveta ya nyumbani. T480 huchaji kwa tundu la USB-C. Dukani chomeka kwenye matundu yake yote mawili ya aina hiyo, uone taa ya chaji ikiwaka na isizimike ukiutikisa waya kidogo.

Hatua ya nne: dukani

Hapa ndipo penye kazi. Nitakueleza tulivyofanya na mpwa wangu, aliyekuwa anaingia mwaka wa kwanza MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ilikuwa Julai, baridi ya asubuhi ile ya Mbeya inayokufanya uongee huku mikono iko mfukoni. Tuliingia duka moja Mwanjelwa. Laptopu tatu zilipangwa juu ya kabati la kioo: moja nyembamba ya rangi ya fedha yenye stika ya i7, nyingine safi kama mpya, ya tatu nyeusi, ina mikwaruzo mgongoni na alama ya gundi palipokuwa na kibandiko cha kampuni ya zamani.

"Kaka, za asubuhi. Naomba niziwashe kwa flashi yangu kabla hatujaongea bei."

"Nzuri, karibu. Flashi ya nini tena? Windows imo, ofisi imo, kila kitu kimo."

"Naelewa kaka, ila dogo atatumia Linux. Sitafuta chochote. Nataka nione waifai inashika."

Akakubali. Wengi hukubali ukiomba kwa heshima na ukiwaeleza kwamba Linux hii inatembea ndani ya flashi na haigusi diski. Ni kweli: usibonyeze tu ile alama ya kusakinisha. Muuzaji akikataa katakata mashine isiwashwe kwa flashi, shukuru na uende duka linalofuata.

Anza kwa kuizima kabisa. Windows huwa inajifanya imezimwa kumbe imelala, kwa hiyo shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza kuzima. Iwashe tena huku ukigongagonga kitufe cha kuchagua flashi: F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Lakini kabla ya hapo ingia kwanza kwenye mipangilio ya ndani, yaani BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP.

Ile laptopu safi kama mpya ilituonyesha kufuli dogo na kisanduku cha nywila. Muuzaji hakuijua. "Hiyo haina shida, fundi anatoa." Hapana. Kwenye mashine za ofisini nywila hiyo huhifadhiwa kwenye chipu, na kuchomoa kibetri cha ubao hakuiondoi. Pengine kampuni ilisahau kuitoa, pengine mashine iliibiwa. Huna njia ya kujua, na huwezi kuipanga iwake kwa flashi wala kuzima Secure Boot (ulinzi unaokagua programu wakati wa kuwaka) siku ukihitaji. Vilevile ukiona jina la kampuni au shule likijitokeza inapowaka, iache.

Ya rangi ya fedha iliwaka vizuri. Nikafungua programu ya Terminal nikaandika lscpu. Stika i7, mstari wa jina la prosesa ukasema i5 ya kizazi cha 6. Simsemi muuzaji kwa ubaya, yawezekana alinunua hivyo. Stika ni karatasi, zinabandikwa. Nikaandika free -h: ramu GB 4, na tulipoitafuta namba yake ya toleo kwenye simu tukakuta hiyo ramu imechomelewa na nafasi ya kuongeza haipo.

Ikabaki ile nyeusi yenye mikwaruzo, T470. BIOS ikafunguka bila nywila. Mint ikawaka. lscpu ikasema i5-7300U, free -h ikasema GB 8, lsblk ikaonyesha SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256. Tukashika waifai kwa hotspoti ya simu yangu, ikaunganika mara moja. Kisha upower -d, amri ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu betri haiwezi kuidanganya kirahisi. Inakuonyesha energy-full-design, yaani betri ilizaliwa na uwezo gani, na energy-full, yaani leo inajaza kiasi gani. Betri ya ndani ilisema 23.5 na 14.1. Gawanya cha pili kwa cha kwanza: asilimia 60. Ya nje ilikuwa imechoka zaidi. Mpwa wangu akanyong'onyea. Nikamwambia betri ya nje hainiumizi kichwa, inachomoka kwa vidole viwili na inanunuliwa. Lililochomelewa ndilo la kuogopa.

Endelea hivi. Fungua programu ya kuandikia na ubonyeze kila kitufe cha kibodi, hata vile usivyovitumia. Chomeka flashi au waya wa simu kwenye kila tundu la USB. Cheza muziki, kwanza kwa spika kisha kwa visikizio. Fungua ukurasa mweupe mtupu, utazame kioo kwa pembeni utafute madoa na mistari. Fungua na ufunge kioo taratibu, usikilize bawaba: ikikwaruza au kioo kikianguka chenyewe, utakuja kukibadilisha. Funika laptopu ilale kwa dakika moja, kisha ifunue. Ikiamka na waifai ikarudi, umepita mtihani ambao mashine nyingi huufeli kwenye Linux. Mwisho chomoa chaja, cheza video ya skrini nzima kwa dakika kumi huku ukiweka kiganja kwenye tundu la hewa. Hewa ya joto itoke. Isipotoka na mashine ikaanza kuungua chini, feni imekufa au imejaa vumbi.

Diski ikiwa ya SATA (aina ya zamani ya kiunganishi cha diski), programu ya Disks ina sehemu ya SMART inayoonyesha saa ilizofanya kazi na kama kuna sekta zilizoharibika. Ikianza kuonya, ihesabu kuwa utanunua SSD nyingine, na hilo liingie kwenye bei. Kama ni ile diski ya kuzunguka, ihesabu hivyohivyo: hakuna mabadiliko yanayoifufua laptopu ya zamani kama kuiwekea SSD.

Hatua ya tano: bei na karatasi

Usianze kupatana bei kabla ya kumaliza vipimo. Sasa una sababu mkononi: "Kaka, betri ya nje imekufa, nitanunua nyingine. Nipunguzie." Muuzaji hana cha kubishia namba alizoziona naye. Tuliondoka na T470 kwa bei ya chini kuliko ile ya rangi ya fedha.

Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iliyo chini ya laptopu iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la toleo. Dai pia siku za majaribio kwa maandishi, angalau saba. Ahadi ya mdomo husahaulika.

Ukiagiza kutoka Kariakoo, mwombe muuzaji akupigie simu ya video mashine ikiwa imewashwa kwa flashi, na usitume hela yote. Mzigo ule utasafiri zaidi ya kilomita 800 ndani ya buti la basi, na kioo hakipendi hivyo. Ifunguliwe, iwashwe na ikaguliwe kwenye ofisi ya vifurushi hapo stendi, mbele ya mhudumu, kabla hujasaini kuipokea.

Hatua ya sita: wiki ya kwanza

Usisakinishe usiku uleule. Kwanza weka Memtest86+ kwenye flashi nyingine, kwa njia ileile uliyowekea Mint, na uiache ikipima ramu usiku kucha. Ikigoma kuwaka, zima Secure Boot kwa muda. Ramu mbovu huleta kuganda kusikoeleweka, na watu huilaumu Linux bure. Ukiona mstari mwekundu hata mmoja, rudi dukani kesho yake na ile karatasi yako ya siku saba.

Ukishasakinisha, sasisha mfumo wote, sakinisha programu ya TLP ili betri idumu, kisha tumia amri ya fwupdmgr kutafuta marekebisho ya programu za ndani. Kwa T480 hili lina uzito, kwa sababu Lenovo walitoa marekebisho ya hitilafu iliyokuwa ikiharibu tundu la USB-C kwenye ThinkPad za miaka ile.

Kwa wenzangu wa Makete, Njombe na Mafinga: laptopu iliyosafiri kwenye baridi kali ikiingizwa ndani penye jiko linalowaka hujitengenezea unyevu. Iache kwenye begi nusu saa kabla ya kuiwasha. Tukuyu mvua haina msimu, kwa hiyo mfuko wa nailoni ndani ya begi usikosekane.

Usiku ule tuliiacha T470 mezani kwa dada yangu, Memtest ikitembea, chaja imechomekwa na kitambaa kimeondolewa chini yake ili ipate hewa. Saa kumi na mbili asubuhi mpwa wangu alinitumia picha ya kioo: makosa 0. Nikamjibu achomeke ile flashi ya kwanza, na safari hii abonyeze alama ya kusakinisha.